Kumzuia Nyoka Bila Kumuua

Nyoka anayeingia nyumbani hachimbi, hatafuni mbao wala hatoboi ukuta. Hana kucha, na meno yake si ya kazi hiyo. Hupita palipokwisha kupitika: tundu la panya, njia iliyoachwa na mchwa baada ya kula fremu, ufa uliofunguka kiangazi, au pengo ambalo fundi wa kwanza aliliacha akiwahi kumaliza mjengo. Kwa hiyo anayetaka kumzuia nyoka hushughulika na panya, mchwa, maji na mafundi wenzake kabla ya kushughulika na nyoka mwenyewe. Huko Katangi, upande wa Yatta katika kaunti ya Machakos, nimemtazama mtu anayeijua kazi hiyo akiifanya tangu mwanzo hadi mwisho. Ukambani unasifiwa kwa vinyago vya Wamunyu na kwa vyondo vinavyosukwa na akina mama, na sifa hiyo ni halali. Mimi naona kazi hii nayo inastahili kutajwa pamoja nazo.

Nyumba za huku kwa kawaida hazina chumba cha chini ya ardhi kama zile za nchi za baridi. Kilicho karibu nacho ni stoo. Kiwanja kikiwa cha mteremko, msingi wa upande wa chini hulazimika kupanda, wakati mwingine hata kupita kimo cha mtu, na mwenye nyumba huona ni hasara kuujaza kifusi. Huutilia mlango, na sakafu ya sebule ikawa dari ya stoo. Humo hukaa mahindi, ndengu, kunde na mbaazi, mbegu za msimu ujao, majembe, pampu ya kunyunyizia dawa, na viti vibovu ambavyo hakuna anayekubali vitupwe. Chumba hicho kina baridi, giza na utulivu, na kila anachokitafuta nyoka kimo humo, kuanzia chakula.

Zamani mavuno hayakulala chini ya nyumba. Ghala la Mkamba, yaani ikumbi, lilisimama uani likiwa limeinuliwa, hewa ikipita chini yake. Baadaye wengi walihamishia mahindi ndani, mara nyingi kwa kuwaogopa wezi. Mwaka 2004 ukatoa funzo chungu. Sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini iliwapata watu 317 katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, na kati yao 125 walifariki. Watafiti waliochunguza chanzo walikuta kwamba waliohifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba walikuwa hatarini kuliko waliohifadhi ghalani. Tangu hapo hakuna fundi wa maana anayeweza kukuzibia stoo kila upande akakuambia kazi imekwisha. Stoo lazima ipumue. Hewa ipite, panya asipite: hapo ndipo ugumu wa kazi ulipo, na ndipo fundi mzuri anapotengana na mpaka matope.

Panya huyo ndiye mwenyeji wa nyoka. Mahindi humwita panya, na panya humwita nyoka. Kuna pia mlolongo wa pili, ambao huonekana mvua za Oktoba zinapoanza. Kumbikumbi huruka usiku na kukusanyika kwenye taa ya mlangoni. Chura huja kuwala. Na baada ya chura huja nyoka, hasa swila, anayempenda chura kama anavyompenda panya. Mwenye nyumba aliyewasha taa ya ulinzi juu ya mlango wa stoo usiku kucha amewaandalia wote hao karamu bila kujua.

Wageni wengi wa stoo hawana madhara kwa binadamu. Aliye maarufu ni nyoka wa nyumbani, yule wa kahawia aliyezoea kuishi karibu na watu katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Mara nyingi hafiki mita moja. Ngozi yake ni laini na ina mng'ao, tumbo lake ni jeupe, na kila upande wa kichwa ana mistari miwili hafifu inayopitia jichoni. Hana sumu. Humkaba panya kwa kumzungushia mwili, akammeza, na kwa wembamba wake huweza kumfuata hadi ndani ya tundu na kumaliza watoto wote kiotani. Mwingine ni nyoka mla mayai. Kinywa chake hakina meno ya kutisha mtu; humeza yai zima, akalipasua kooni kwa miiba inayotokeza kwenye mifupa ya uti wa mgongo, akameza ute na kiini, kisha akalitapika ganda. Akitishwa hujikunja na kusugua magamba yake hadi yakakwaruza kwa sauti, akajifanya nyoka mwenye sumu. Maigizo hayo humsaidia mbele ya ndege na paka. Mbele ya mtu mwenye panga yanamponza.

Mtu atauliza: kama hawana madhara, na panya wanakula, si tuwaache? Fundi wa Katangi analo jibu, nami naliunga mkono. Tundu linalompitisha nyoka wa nyumbani humpitisha pia swila mchanga, na nyika za Ukambani zina swila wanaotema sumu, na pia zina kifutu anayelala kimya hadi akanyagwe. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, na hukadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa sababu hiyo kila mwaka duniani, wengi wao wakiwa wakulima na watoto wa vijijini. Mama anayeingia stoo alfajiri kuchota mahindi ya kusaga hawezi kuachiwa kazi ya kutambua mistari kichwani mwa nyoka. Tena kumzuia nyoka ni kumwokoa yeye mwenyewe. Ndani ya stoo kila nyoka hupigwa kwanza, kisha ndipo watu huuliza alikuwa nani. Akibaki nje, kwenye ua wa shamba na kwenye mawe ya matuta, ataendelea kula panya wale wale bila kukutana na jembe la mtu.

Fundi niliyemtazama alikuja siku ya kwanza bila mwiko. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kununua saruji na kuteremsha mchanga, akashangaa kumwona akizunguka uani mikono nyuma.

"Fundi, simiti ndiyo hii, mchanga ndio ule. Unangoja nini?"

"Mama, bado sijajua ninaziba nini."

Alianzia mbali na nyumba. Alitazama rundo la kuni lililoegemezwa ukutani, mabati chakavu yaliyolazwa chini, matofali yaliyobaki tangu ujenzi, na tawi la mwembe lililogusa paa. Vyote hivyo ni maficho au ngazi, na alitaka viondoke kabla ya jambo lingine lolote. Kuni zihamie mbali, zipangwe juu ya kichanja. Mabati yasimamishwe. Tawi likatwe. Nyasi zifyekwe kuzunguka nyumba, ibaki ardhi tupu, maana mnyama mdogo hapendi kuvuka uwazi ambapo mwewe au bundi atamwona. Kwa nusu siku hakugusa ukuta, na nina hakika nusu siku hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko gunia zima la saruji.

Saa sita mchana, jua likiwa utosini, aliingia stoo na kuomba mlango ufungwe nyuma yake. Nami niliingia. Mwanzoni hakukuonekana kitu. Alisimama, hakusema, akangoja macho yazoee giza. Kisha nuru zikaanza kujitokeza moja baada ya nyingine: uzi mwembamba chini ya mlango, nukta mbili mahali bomba la maji lilipopenya ukutani, mstari kwenye kona ambako jiwe lilikuwa limeachana na chokaa, na juu kabisa, pale dari ilipokutana na ukuta, safu ya mianya ambayo kutoka nje hukuweza kuishuku. Kila palipong'aa alipiga alama ya chaki. Kurunzi ilikuwa mfukoni mwake na hakuitoa. Kurunzi humwonyesha mtu mahali anapoielekeza tu, aliniambia. Giza humwonyesha hata asipopatafuta.

Jioni aliomba jivu la jikoni. Alilichekecha kwa chujio kuukuu, akalinyunyiza sakafuni kando ya kuta na mbele ya kila alama, tabaka jembamba lisilo na bonge. Asubuhi iliyofuata alipiga magoti na kulisoma. Panya alikuwa ameacha nyayo ndogo pande mbili na mkia ukichora mstari katikati. Mende alikuwa ameacha vitone. Karibu na bomba palipita alama moja laini ya mawimbi, upana wa kidole, isiyo na unyayo wowote. Nyuma ya magunia akapata pia ngozi iliyovuliwa. Aliitandaza juu ya ubao kwa ncha za vidole, polepole isichanike. Ngozi ya namna hiyo hunyumbuka wakati wa kuvuliwa, kwa hiyo huwa ndefu kuliko mwenyewe, na hilo alilijua. Hakushughulika na urefu. Alipitisha kidole juu ya magamba: yalikuwa laini, hayana tuta katikati. Basi si kifutu, maana magamba ya kifutu yana tuta. Kwa upana wa ngozi alipata upana wa njia. Alama za jivuni zilikuwa za mwili mwembamba uleule. Sasa alijua kuna nyoka ndani, si kifutu, na anapita wapi.

Hapo wengi wangekimbilia mwiko, na hapo ndipo kazi huharibika. Ukiziba matundu yote nyoka akiwa ndani, umemfungia na chakula chake, na utakutana naye mkono kwa mkono kati ya magunia. Fundi aliziba kwa muda njia zote isipokuwa moja, ile ya bomba. Hapo aliviringisha kipande cha wavu mgumu kikawa mfereji, akakichomeka tunduni kikielekea nje, mdomo wake ukaning'inia shibiri moja juu ya ardhi. Mdomoni akafunga ulimi wa mpira wa tyubu ya baiskeli, unaosukumika kutoka ndani na kujifunga wenyewe. Anayetoka hudondoka nje. Anayetaka kurudi hutambaa chini ya ukuta akitafuta tundu la zamani, asilipate. Kisha jivu likanyunyizwa upya, ndani na nje, na kazi ikawa kungoja.

Kungoja huku kuna hesabu yake. Nyoka aliyeshiba huweza kujikunja mahali pamoja siku nyingi bila kusogea, kwa hiyo jivu safi la usiku mmoja halithibitishi chochote. Fundi hutaka jivu la ndani likae zaidi ya wiki mbili bila alama, na wakati huo huo panya wategwe kwa mitego, kusiwe na sababu ya kubaki. Wenye nyumba huchoka. Majirani huleta ushauri wa dizeli, vitunguu saumu, matairi ya kuchoma, na tembe za naftalini. Majaribio yaliyofanywa Marekani yalionyesha kwamba naftalini na salfa hazimzuii nyoka, na kwa vyovyote vile hakuna sababu ya kumwaga mafuta na kemikali karibu na chakula cha watoto. Fundi huwasikiliza wote kwa adabu na kuendelea kungoja.

Jivu lilipokubali, ndipo mwiko ukatoka. Tundu haliponi kwa kupakwa juu. Alilichimba kwa patasi hadi akakuta sehemu ngumu, akalipiga brashi, akalilowesha. Ndani alisindika mabaki ya wavu yaliyofinyangwa pamoja na vipande vya mawe, kwa sababu panya hutafuna udongo, hutafuna mbao, hata saruji mbichi huikwangua, lakini waya humkomesha. Juu yake akashindilia mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga tatu, akiusukuma kwa ncha ya mwiko hadi mlio wa uwazi ukaisha. Kwenye kona ya sakafu na ukuta alifanya jambo lililonifurahisha kuliko yote. Alijaza kona, kisha akavuta chupa tupu ya soda juu ya plasta mbichi, toka mwisho mmoja hadi mwingine, ikaacha mkunjo wa mviringo. Kona iliyonyooka humpa panya ukingo wa kuanzia kutafuna. Mkunjo haumpi pa kuweka jino. Mtu wake wa mkono alipojaribu upande wa pili, chupa ikaruka na kuacha mabonde mawili. Fundi hakusema neno. Aliikwangua yote na kumrudishia chupa. Mara ya pili kijana aliivuta kwa mikono miwili akipumua taratibu, na mkunjo ukatoka.

Halafu maji. Watu hudhani saruji hukauka ikawa ngumu. Kwa kweli huhitaji maji ili ikomae, na ikinyimwa hujikunyata na kuacha ufa mwembamba pembeni mwa kiraka, yaani njia mpya palepale ilipokuwa ya zamani. Katika nchi ya ukame kama hii, kuomba maji ya ukuta ni kuomba jambo zito. Fundi alifunika viraka kwa magunia yaliyoloweshwa, akamwomba mama ayarudishie maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima, na akakubali yawe maji yaliyooshea mboga. Kila alipopita njiani aliinua pembe ya gunia na kugusa.

Matundu ya hewa hakuyaziba. Aliyawekea wavu wa kuanikia kahawa, ule wa macho madogo ambao maduka ya vifaa vya ujenzi huuza kwa mita, na kingo zake akazizamisha ndani ya plasta badala ya kuzigongea misumari. Wavu wa kuku aliukataa. Macho yake ni makubwa. Nyoka hupenya akiwa mwembamba, akameza panya, na wakati wa kutoka uvimbe wa tumbo unamnasa katikati, asiweze kwenda mbele wala kurudi nyuma. Mlangoni aliinua kizingiti cha zege, akafunga ukanda wa mpira wa tairi chini ya ubao, na nyuma ya mpira kipande cha bati, kwa kuwa panya huanzia kwenye pembe ya mlango. Kipimo chake kilikuwa penseli aliyoichomeka nyuma ya sikio. Penseli ikipita chini ya mlango, kazi haijaisha, maana pengo la milimita 6 humtosha panya mdogo. Magunia nayo yakapandishwa juu ya mbao, mkono mmoja mbali na ukuta, ili mtu aone nyuma yake bila kuingiza mkono gizani.

Ujuzi wa namna hii una ndugu zake. Snake Park ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1961 kwenye uwanja wa makumbusho, imewafundisha wanafunzi wengi wa Kenya kumtazama nyoka kabla ya kumhukumu. James Ashe, aliyeanzisha kituo cha Bio-Ken huko Watamu mwaka 1980, alikaa miaka mingi akisisitiza kwamba swila mkubwa wa kahawia wa nyika za Kenya hakuwa sawa na wenzake. Mwaka 2007 wataalamu walimtambua kuwa spishi ya peke yake na kumpa jina la Ashe. Fundi wa Katangi hana maabara wala jina kwenye kitabu. Lakini tabia ni ileile: kutazama kwa muda mrefu, kutofautisha hiki na kile, na kutochukua hatua kabla ya kujua.

Kasoro iliyopo ni kwamba tunamwita mwishoni. Karibu kila alichorekebisha kingeweza kufanywa vizuri wakati wa mjengo kwa gharama ndogo sana: wavu ndani ya tundu la hewa kabla ya plasta, saruji kuzunguka bomba siku linapopitishwa, kizingiti cha zege badala ya ubao, mkunjo kwenye kona sakafu ikiwa bado mbichi, na mianya ya juu ya ukuta kujazwa kabla fundi wa dari hajaondoka. Vyuo vya ufundi vya kaunti huwafundisha vijana kupima kwa timazi na kupanga mawe kwa uzi. Vingewafundisha pia kusimama saa sita mchana ndani ya chumba walichokijenga, mlango umefungwa, na kuhesabu nuru kabla ya kudai malipo ya mwisho. Na mwenye nyumba anayejenga sasa, Katangi au kwingine, asingoje wafundishwe. Aliandike sharti hilo katika mapatano yake na fundi, karibu na bei, na siku ya kukabidhiwa nyumba aende na penseli.